Ziwa, Maziwa na Saa Nne

Ukisimama Kamembe na kuelekeza macho magharibi, utaliona Ziwa Kivu, na ng'ambo yake mji wa Bukavu. Neno ziwa umelifahamu tangu somo la kwanza la jiografia. Pengine hukuambiwa kwamba ziwa ni titi la mama pia. Ndiyo maana mtoto anapokomeshwa kunyonya husemwa kwamba ameachishwa ziwa. Nayo maziwa ni kile anachonyonya, na vilevile ni yale Maziwa Makuu ambayo eneo letu limepewa jina lake. Nilikuwa nikilifundisha jambo hili kama mzaha wa kuchangamsha darasa, mpaka nilipojifungua.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 ilimpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 12, na akisharejea kazini humpa saa moja kila siku ya kunyonyesha. Ninaitaja kwa shukrani. Lakini shule niliyofundisha wakati ule ilikuwa Bugarama, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, nami nikikaa Kamembe. Saa hiyo moja ingeliwa yote na barabara kabla sijamfikia mwanangu. Ikanibidi kukamua maziwa. (Angalia vitenzi: ng'ombe hukamwa, kutokana na kukama, mama hukamua, kama mtu akamuavyo chungwa. Usivichanganye mbele ya wakwe.)

Muuguzi alinieleza kanuni kwa utulivu. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono iliyonawishwa kwa sabuni, ndani ya chombo safi chenye mfuniko, hukaa mezani kwa muda wa saa nne, iwapo joto la chumba halizidi nyuzi 25 za Selsiasi. Ndani ya jokofu hukaa siku nne, lakini yawekwe ndani kabisa, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa. Yakigandishwa, ni bora yatumiwe kabla ya miezi sita kupita. Yakishayeyushwa jokofuni, yatumiwe ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Nyumbani kwetu hapakuwa na jokofu. Saa nne zile ndizo zilizokuwa akiba yangu yote.

Aliyebaki na mtoto alikuwa mama mkwe wangu, mzaliwa wa Bukavu, na kati yetu sisi wawili lugha ilikuwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilikamua saa kumi na moja alfajiri, nikafunika kikombe, nikamwambia kwa heshima:

"Mama, maziwa haya ni ya saa nne."

"Nimesikia, mwanangu. Nenda salama."

Niliporudi jioni alinipokea kwa furaha. "Alilia sana tangu saa mbili," akasema, "lakini sikuivunja amri yako. Nilimpa saa nne kamili."

Umeuona mtego? Nilikusudia muda wa saa nne, ambao ulikwisha saa tatu asubuhi. Yeye alisikia wakati, yaani saa nne ya asubuhi. Kwa hiyo mtoto wa miezi mitatu alilia njaa saa mbili nzima, ya kwanza mbele ya maziwa yaliyokuwa bado salama, kisha akanywa yaliyokwisha pitiliza. Na aliyesema sentensi ile alikuwa mwalimu wa Kiswahili! Usiku kucha nilikuwa nikimgusa paji la uso. Hakudhurika, na Kamembe asubuhi kuna baridi, hilo huenda lilitusaidia. Kumlaumu mama mkwe nisingeweza. Alinitii neno kwa neno.

Tangu siku ile kila kikombe kilikuwa na karatasi: "Mwisho: saa tatu asubuhi." Si "saa nne," wala si "yasikae sana."

Likaja suala la mabaki. Mtoto akishaanza kunywa, mate yake huingia kikombeni, na yaliyobaki hayafai kupita saa mbili. Mama mkwe hakukubali. "Maziwa ya mtu humwagwi," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba mjadala umefungwa. Nilimwelewa: aliwahi kulea katika uhaba. Basi sikubishana, nikaanza kugawa maziwa katika vikombe vidogo, mililita 60 kila kimoja, akifungua kingine pale tu mtoto anapotaka zaidi. Mabaki yakapungua mno. Kupasha alikujua vizuri kuliko mimi: kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha kukizungusha taratibu ili mafuta yaliyoelea juu yachanganyike.

Bugarama ilikuwa habari nyingine. Siku moja nilikamua wakati wa mapumziko, nikakiacha chombo juu ya kabati la walimu. Ilipofika saa nane mchana chumba kilikuwa kama tanuri. Maziwa hayakunuka wala hayakubadilika rangi, lakini kanuni ya muuguzi ilikuwa na sharti la nyuzi 25, nalo lilikuwa limekwisha vunjika. Niliyamwaga nyuma ya darasa huku nikilia. Baadaye muuza soda alikubali kunigandishia chupa mbili za maji kila siku. Ndani ya mkoba wa baridi wenye barafu ya kutosha, maziwa huhifadhika hadi saa 24.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia, chenye mahali pa kunawa mikono na jokofu au kifaa kingine cha ubaridi. Niliposoma hayo nilimkumbuka muuza soda wangu, kisha nikamkumbuka jirani yangu mmoja. Yeye huvuka mpaka alfajiri kwenda kuuza mboga Bukavu. Hana mwajiri wa kumwomba ile saa moja, wala kabati, wala mkoba wa baridi. Nilimfundisha kukamua, kufunika, na kuhesabu muda. Anahesabu barabara. Hutoka saa kumi na moja, na ifikapo saa mbili na nusu hukunja turubai lake na kurudi darajani, huku wateja wa asubuhi wakianza tu kufika sokoni.