Viambishi vya Kijerumani na Msomaji wa Kiswahili

Msomi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kukutana na Kijerumani. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili mjini Berlin mwaka 1894, na Carl Velten akatoa Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Kazi zote mbili zilipata tafsiri za Kijerumani. Tafsiri hizo ndizo zilizonisukuma kujifunza lugha hii, wala si Goethe.

Husemwa mara nyingi kwamba sisi wenye ngeli hatutasumbuliwa na jinsia tatu za nomino za Kijerumani. Kauli hii ni kweli nusu. Hatushangai kwamba der See ni ziwa ilhali die See ni bahari. Wala das Mädchen, msichana aliyetiwa katika jinsia isiyo ya kike wala ya kiume kwa sababu ya kiambishi cha udogo -chen, hatushtui sisi tunaosema kijitoto kinalia. Lakini upatanisho wetu hupenda kurudia: vitabu vyangu vile viwili vizuri vimepotea, kila neno limevaa sare. Kijerumani ni bahili zaidi. Kwa kawaida alama bayana ya uhusika huhitajika mara moja tu katika kirai nomino, na neno linalofuata hustarehe. Katika mit dem kalten Wasser, yaani kwa maji baridi, -m imebebwa na kibainishi, nacho kivumishi kikatosheka na -en. Ondoa kibainishi, na -m itahamia kwenye kivumishi: mit kaltem Wasser. Vivyo hivyo der gute Wein, lakini ein guter Wein, kwa kuwa ein hapo haina alama yoyote. Majedwali yanayokaririwa madarasani huificha kanuni hii. Binafsi niliyaweka kando mara nilipoitambua.

Kwa mhakiki, uzito wa jambo hili uko kwingine. Tuchukue kirai chetu mgeni aliyemwona mzee. Ni nani aliyeona? Mgeni na mzee wote ni wa ngeli ya A-WA, kwa hiyo viambishi vya kitenzi havitusaidii, na muktadha ndio unaoamua. Kijerumani hakiruhusu ukimya huo. Der Gast, der den Alten sah: mgeni ndiye aliyeona. Der Gast, den der Alte sah: mgeni ndiye aliyeonwa. Mtafsiri wa Kijerumani hulazimika kutoa hukumu, na hukumu yenyewe hukaa katika r na n. Anayeinukuu tafsiri yake bila kuzisoma herufi hizo hurithi ufasiri wa mtu mwingine akidhani ni matini.

Tusikitukuze Kijerumani kupita kiasi, hata hivyo. Katika jinsia ya kike, kiima na yambwa tendwa huvaa umbo lile lile, hivyo Die Mutter liebt die Tochter inaweza kumaanisha kwamba mama anampenda binti au, kwa msisitizo, kwamba binti ndiye anayempenda mama. Hapo Mjerumani naye hutegemea mpangilio wa maneno na muktadha, kama sisi. Katika semina za tafsiri huwataka wanafunzi wapigie mstari kila der na den kabla ya kufungua kamusi, kisha wairudie sentensi ya Kiswahili na kuuliza kama iliwahi kusema hivyo.