Tembo la Kupikia

Kwa miaka mingi nilifundisha kuwa methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" ni onyo juu ya sifa, basi. Nilipostaafu hapa Kibiti, nilinunua tembo la mnazi nipate siki ya kuungia kambamiti wa Nyamisati. La kwanza lilichachuka vyema. Nikamsifu mgema mno. La pili liliota ukungu, nikamwaga mtungi mzima wageni wakiwa njiani. Tembo lililotiwa maji halina nguvu ya kugeuka siki. Marehemu mama hakunywa kileo. Alinusa tu, akalipa, akanyamaza. Kumbe kimya kile kilikuwa sehemu ya mapishi. Wanafunzi wangu, niwieni radhi: nusu ya somo niliiacha jikoni kwa mama.