Mita Inalia, Dekoda Haioni Kitu

Haya wasomaji, leo hakuna programu. Leo ni dishi.

Shangazi yangu ana kibanda cha kuonyesha mpira hapa Mtwapa. Juzi picha zilipotea, akaita fundi. Fundi akapanda na ile mita ndogo yenye mshale, ikalia vizuri sana, akashuka na hukumu: dekoda imekufa. Shangazi alikuwa tayari ameomba mkopo kwenye chama anunue nyingine, na Jumamosi ya mechi haiko mbali. Nikamwambia, "Shangazi, hizo pesa zishike kwanza."

Mita hiyo ya bei rahisi hufungwa kati ya LNB na dekoda, na hupima jambo moja tu: nguvu ya mawimbi yote yanayoingia. Haijui ni ya setilaiti gani. Ukizungusha kitufe chake hadi mwisho, italia hata kwa kelele ya LNB yenyewe. Wenzangu wa kompyuta mnaijua hali hii: seva inajibu pingi, na tovuti imelala.

Nikaangalia kebo kwanza, maana chumvi ya bahari hula konekta mpaka shaba inakuwa kijani. Safi. Kisha menyu ya dekoda: nguvu 78%, ubora 0. Basi dekoda ni nzima, dishi ndilo linatazama patupu.

Hapo nikapiga hesabu. DStv iko 36°E, kule ilikopelekwa Eutelsat 36D iliyorushwa Machi 2024. Sisi tuko karibu 4°S na 39.7°E, kwa hiyo mwinuko ni kama digrii 84, kuelekea kaskazini-magharibi. Nairobi, iliyo karibu chini ya setilaiti yenyewe, ni 88. Fundi wetu kazi aliifunzia Nairobi, na 88 ndiyo aliyokariri. Tofauti ya digrii nne si kitu kwa macho, lakini dishi la sentimita 90 huona upana wa digrii mbili hivi tu. (Na macho yenyewe hudanganya: uso wa dishi hizi huonekana umeinama chini kuliko linakotazama kweli.)

Jambo lingine: mwinuko ukiwa mkubwa hivi, kuzungusha dishi kushoto na kulia hakubadilishi mengi. Digrii kumi za kuzungusha zinalisogeza kama moja tu angani. Mafundi wengi humaliza mchana mzima hapo.

Nikalegeza nati za mwinuko, nikashusha kidogo kidogo, nikingoja sekunde kadhaa kila mara kwa sababu dekoda huchelewa. Shangazi anasoma kwa sauti kutoka ndani: sufuri, sufuri, sufuri, arobaini na moja! Nikazungusha LNB kwenye kishikio chake, ikafika 72. Nikakaza.

Fundi alipita jioni. Hakubisha, aliuliza tu Malindi ni ngapi, ana kazi mbili huko. Nayo ni 84. Azam ni hesabu nyingine: 7°E, mwinuko kama 52, karibu magharibi kabisa. Akaziandika zote kwenye simu.