Tembe la Mama



Juma lililopita tulikuwa Kigwa, si kwa ibada bali kwa kazi ya mikono. Tulibomoa nyumba. Mwenye nyumba ni mama yetu mzazi, mjane, naye aliketi chini ya mwembe akitutazama sisi wanawe bila kusema neno. Ilikuwa nyumba ya tembe, na marehemu baba ndiye aliyeisimika.

Vijana wengi wasomao ukurasa huu hawajapata kulala ndani ya tembe, basi na tueleze. Husimikwa nguzo za miti ya porini, mninga ukipatikana, maana moyo wake mchwa hawaumudu upesi. Juu ya nguzo hulazwa boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha nyasi, na mwisho udongo unaoshindiliwa hadi paa liwe karibu bapa, lenye mteremko mdogo tu wa kumwaga maji. Kuta hufungwa kwa fito na kukandikwa udongo ndani na nje. Vyumba hufuatana kwa mstari, na katika kaya kubwa mistari hiyo hukutana ikauzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Paa la namna hiyo halishiki moto kama nyasi za msonge, na jambo hilo halikuwa dogo kwa watu waliokaa njiani mwa misafara.

Na Kigwa ilikuwa njiani kweli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kabla ya kuingia Unyanyembe. Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857. Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Kigwa imekuwa mahame kama jirani yake Rubuga, baada ya vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sere. Tunapousifu ukuta wa wazee wetu, basi, tukumbuke kwamba waliujenga kwa ustadi na kwa hofu vilevile.

Baadhi yenu mmelitembelea tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambalo leo ni makumbusho. Lile si tembe la mkulima. Ni la wafanyabiashara: kuta nene, baraza pana, milango ya kuchonga kwa mtindo wa Pwani. Agosti 1871, watu wa Mirambo walipochoma sehemu ya Tabora, Stanley alitoboa kuta za tembe alilokaa ili apate matundu ya bunduki. Februari 1872 alirudi hapo pamoja na Livingstone, akaondoka Machi. Mzee yule alibaki akingojea wapagazi hadi Agosti. Jengo linaloonekana sasa limejengwa upya, jambo ambalo wageni wengi hawalitambui.

Livingstone huyo alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Babu yake alikuwa mkulima wa kisiwa cha Ulva. Katika visiwa vya magharibi ya nchi ile wakulima walijenga nyumba ambazo bibi zetu wasingezishangaa: kuta mbili za mawe zilizojazwa udongo katikati, paa la nyasi lililofungwa kwa kamba zenye mawe ili upepo usilichukue, moto katikati ya sakafu pasipo bomba la moshi, na ng'ombe upande mmoja chini ya paa lilelile. Huko Arnol, kisiwani Lewis, nyumba moja ya namna hiyo ilikaliwa na watu hadi miaka ya 1960. Nayo sasa ni makumbusho.

Lakini makumbusho hayana mtu anayelala ndani. Tembe la mama lilikuwa na papasi. Mdudu huyu hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku bila maumivu makubwa, akarudi ufani kabla hakujapambazuka. Homa yake huja, huondoka hata mgonjwa akaenda shambani, kisha hurudi. Kwa mama mjamzito ni hatari kubwa. Miaka miwili tulimsihi mama ahame, naye akatujibu kwamba yeye amezaa watoto wote humo na wote ni wazima. Sisi tukanyamaza, kwa heshima, au tuseme kwa woga. Mwaka jana shemeji yetu alikuja kumuuguza, akiwa na mimba ya miezi sita. Akapata homa ya papasi, na mimba ikatoka.

Hatukumwambia mama neno lolote baada ya hapo. Ni yeye aliyetuita, akasema, "Wanangu, vunjeni."

Nyumba mpya ni ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, paa la bati. Katika kubomoa tulikuta nguzo nne za mninga nzima kabisa, nzito kana kwamba zilikatwa jana. Mama aliinuka pale chini ya mwembe, akaigusa moja, akauliza kama inafaa barazani. Tuliikwangua, tukaipaka mafuta machafu ya gari, tukaisimika. Saa sita mchana bati linapowaka, ndani hakukaliki, naye huketi nje akiiegemea.