Bunduki ya Babu Yangu

Babu yangu alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja. Aliinunua mwaka 1962 kwa mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao, akailipia ng'ombe wawili na fedha kidogo, na tangu siku hiyo akajulikana katika vilima vyetu vya Taita kwa jina la Mzee Bunduki. Kwa miaka kumi na mitano aliwinda nayo kanga na kwale kwa leseni ya serikali. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, alisema kwamba kazi yake ya porini imekwisha, akaiweka bunduki ile kabatini iwe mlinzi wa mahindi.

Mahindi yetu yana adui, naye ni nyani. Mtu ambaye hakupata kulima kando ya msitu hudhani nyani ni mnyama wa kuchekesha. Bunduki ya babu ilikuwa ya marisau, yaani vipande vidogo vya risasi vinavyotoka pamoja na kutawanyika, na nguvu yake ilikwisha kwenye hatua arobaini hivi. Nyani walikijua kipimo hicho kuliko sisi. Dume lao kubwa liliketi juu ya jabali, hatua themanini kutoka ukingo wa shamba, likamenya hindi taratibu huku likitutazama. Babu, ambaye hakupenda kuua asichokula, alipiga hewani. Kundi lilirudi nyuma kidogo kwa adabu, kama wageni wanaompisha mwenyeji mlangoni, kisha likaketi tena.

Baba mdogo hakuwa na subira hiyo. Shamba lilikuwa lake na la babu kwa pamoja, na mahindi yale ndiyo yaliyolipa karo: ya wanawe watatu katika shule ya msingi, na yangu mimi katika chuo cha ualimu, kwa kuwa baba yangu alikwisha kufariki. Neno hili msomaji alishike, maana bila ya hilo ukimya wangu wa baadaye hautaeleweka.

Mwaka 2010, katika likizo ya Agosti, babu alilazwa hospitali kwa maradhi ya mguu. Ufunguo wa kabati ulibaki kwa baba mdogo. Usiku wa pili aliniita jikoni, akaiweka bunduki mezani, akaniambia shauri lake. Alitaka kuigeuza iwe bunduki ya risasi moja, ile iitwayo raifo, ambayo humpata mnyama hata kwenye hatua mia na hamsini. Alikuwa amekwisha kuzungumza na fundi mmoja wa karakana njiani Voi, mtu wa kuchomelea mageti na kunyoosha majembe ya plau, naye alikubali kutia bomba jembamba la chuma ndani ya mtutu wa zamani kwa bei nafuu. Kazi yangu ilikuwa kuisafisha kwanza. Tulipatana na fundi kwa siku ya Jumamosi.

Leo najua kwamba sisi wawili tulikuwa tukivunja sheria. Cheti cha bunduki kilikuwa kwa jina la babu peke yake, na kuibadili silaha si kazi ya kila mwenye tupa na jiliwa. Ni ya fundi aliyepewa leseni. Wakati ule sikuwaza hivyo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na kwa mara ya kwanza bunduki ya Mzee Bunduki ilikuwa mapajani mwangu.

Ilikuwa katika hali ya kusikitisha. Mtutu ulikuwa mwekundu kwa kutu toka mdomoni hata kwenye bawaba. Tako lake, la mti wa mjozi, lilikuwa limepasuka zamani, na babu alikuwa amelifunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi. Ngozi ikakauka, ikabana, ikawa ngumu kama pembe. Nilianza Jumatatu. Nililoweka chuma kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa nyuzi laini za chuma, nikafuta kwa kitambaa, nikarudia. Kutu haliondoki kwa hasira. Ukisugua kwa nguvu, huondoa kutu pamoja na chuma kilicho chini yake, na mahali hapo panabaki shimo milele. Tako nililipaka mafuta ya kitani, tone kwa tone, kwa kiganja cha mkono, hata mti ukaanza kuonyesha rangi yake ya kahawia yenye mistari myeusi. Ngozi ya mbuzi sikuigusa. Ilikuwa kazi ya mikono ya babu.

Siku ya Jumatano jambo la ajabu lilijitokeza. Mtutu ulipokuwa safi, haukuwa na uso mmoja kama bomba la maji. Ulikuwa na mistari iliyozunguka na kupishana, mfano wa msuko wa vikapu vya mkonge wanavyosuka mama zetu wa Taita. Nilidhani ni pambo. Nikaendelea kusugua upande wa chini, mahali mtutu unapokutana na mwili wa bunduki, na huko nikaona taji mbili ndogo zilizogongwa kwenye chuma, na chini yake maneno matatu ya Kiingereza: NOT FOR BALL.

Nilimwita baba mdogo. Alinitaka nimfasirie, nami mwanachuo wa ualimu nikafasiri bila kusita: "Si ya mpira."

Baba mdogo alicheka hata akashika mbavu. "Wazungu hawa! Nani duniani aliwahi kucheza mpira kwa bunduki?" Mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule maneno yale yalinikosesha usingizi. Mtu hagongi maneno kwenye chuma kwa mzaha. Alhamisi asubuhi nilifungua kamusi niliyokuja nayo kutoka chuoni, nikakuta kwamba neno lile la mwisho lina maana ya zamani: risasi ya mviringo, risasi moja kubwa ya kujaza tundu la bunduki. Bunduki ilikuwa ikisema yenyewe: Si ya risasi.

Nilinyamaza Alhamisi. Ijumaa pia nilinyamaza. Mara mbili nilimfuata baba mdogo shambani ili nimwambie, na mara zote mbili nilimkuta akihesabu mabua yaliyovunjwa usiku. Mtu aliyekulipia karo ana haki ya kusikia kweli kuliko watu wote, na ndiye aliye mgumu kuambiwa kuliko watu wote. Nilijidanganya kwamba maneno yale ni ya zamani mno na huenda hayana kazi tena.

Jumamosi tulifika karakana, bunduki ikiwa ndani ya gunia. Fundi aliibana kwenye jiliwa, akachukua tupa, akapima kwa jicho. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka, nyembamba kuliko nilivyotaka. Nilisema kwamba chuma kile kina maandishi, na maandishi yale yanakataza.

Baba mdogo alinigeukia. "Umeyajua tangu lini?"

"Tangu juzi, baba."

"Kwa hiyo karo yangu imekufundisha kunyamaza, kisha kunipinga mbele ya watu."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Fundi yule, ambaye sikutazamia hekima kwake, aliweka tupa chini, akafungua jiliwa. Alisema yeye ni mtu wa mageti, na kitu kilichoandikwa hapana yeye hakigusi. Tulirudi nyumbani bila kusemezana, gunia limelala kati yetu katika kiti cha matatu.

Babu aliporejea kutoka hospitali nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Alikwenda kituo cha polisi kwa mkongojo wake, akarudi na barua ya ruhusa, na juma lililofuata sote watatu tulishuka Mombasa kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mzee wa makamo ya babu, aliyevaa miwani miwili kwa pamoja. Alipoona mtutu uliosafishwa alinipa mkono. Nakiri kwamba nilijivuna.

Kisha akatueleza. Alama ile iligongwa Uingereza kati ya mwaka 1875 na 1887. Kila bunduki huko ilipelekwa kwanza katika nyumba ya majaribio, kama ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, ikapigwa kwa baruti nyingi kupita kiasi. Ikistahimili, hugongwa taji. Miaka ile mafundi walikuwa wameanza kuufinya mdomo wa mtutu kidogo, ili marisau yasitawanyike upesi. Risasi nzima ya kujaza tundu ingefika kwenye mdomo ule uliofinywa na kukosa pa kupita. Basi wakaandika onyo.

Na msuko wa kikapu? Halikuwa pambo, ila ndiyo jinsi mtutu ulivyotengenezwa. Tepe za chuma laini na chuma kigumu ziliviringishwa kuzunguka ufito, zikapigwa nyundo zikiwa na moto hata zikashikamana kuwa bomba. Ulifaa kwa baruti nyeusi ya zamani. Kuhusu baruti ya leo, fundi alimtazama babu kwa muda, akasema: "Mzee mwenzangu, miaka yote hii Mungu amekuhifadhi."

Alituonyesha tofauti ya bunduki hizi mbili. Ya marisau ni laini ndani kama shingo ya chupa. Ya risasi ina mifuo inayojizungusha toka mwanzo hata mwisho, nayo huifanya risasi izunguke kama pia. Na kama pia, inapozunguka haianguki ovyo bali hushika njia yake. Lakini kuisukuma risasi ile katika tundu jembamba hutaka nguvu, na ndani ya mtutu msukumo wake hukaribia mara tano ya ule wa marisau. Alivuta saraka akatoa kipande cha mtutu uliopasuka. Chuma kilikuwa kimefunguka kama ganda la ndizi. Hakusema ni cha nani, wala hatukuuliza. Baba mdogo alikigeuza mkononi kwa muda mrefu.

"Na mtutu mpya kabisa, juu ya mwili huu?" aliuliza hatimaye. Fundi alimjibu kwamba Marekani ziko bunduki za mtutu mmoja ambazo kiwanda chenyewe hubadilisha mtutu wa marisau kwa wa risasi, lakini mwili wake umefanywa kwa kazi hiyo tangu awali. Huu wetu, bawaba yake na komeo lake ni vya kuzuia marisau tu. Akarekebisha komeo lililolegea, akakataa malipo ya zaidi ya nauli.

Baba mdogo alikuwa na uchungu, na haki yake ilikuwepo. Njiani alisema tumepata bunduki nzuri kuliko zote Taita, na isiyofaa kitu. Jioni tulipofika, babu alitupeleka ukingoni mwa shamba, akamwonyesha jabali la nyani kwa mkongojo.

"Tuseme bunduki hii imekuwa ya risasi," alisema. "Umempiga dume lile ukamkosa. Risasi italala wapi?"

Marisau madogo huanguka kabla ya kufika mita mia tatu. Risasi ya bunduki kubwa huweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Nyuma ya jabali palikuwa na mgongo wa kilima, na upande wa pili wa kilima ilikuwa shule ya msingi niliyosoma mimi, ambamo watoto watatu wa baba mdogo waliketi kila siku kuanzia saa mbili. Kutoka pale tuliposimama liliweza kuonekana bati moja la paa, likimeremeta. Nimelitazama bati lile tangu utotoni, na kabla ya jioni ile sikupata kulihesabu.

Baba mdogo hakujibu. Msimu uliofuata alijenga kibanda juu ya jabali lenyewe, tukalala humo kwa zamu na mbwa wawili na debe la kupiga. Nyani walihamia jabali jingine. Mavuno yalipungua kwa sehemu ya nne badala ya nusu, na karo yangu ya mwisho ililipwa kwa kuchelewa miezi miwili. Kwa muda wa mwaka mzima baba mdogo aliniita "Mwalimu wa Kamusi", mwanzoni kwa kejeli.

Mwaka 2012 babu alihisi siku zake zinapungua, akaamua kuirudisha bunduki serikalini kwa mikono yake mwenyewe asimwachie mtu kishawishi. Nilimsindikiza. Ilikuwa inang'aa, alikuwa akiipaka mafuta kila Ijumaa tangu tuliporudi Mombasa, ingawa hakuipiga tena. Askari wa zamu aliandika namba yake katika daftari kubwa, akauliza kama ina kasoro yoyote.

"Msomee," babu aliniambia.

Niliigeuza, nikamsomea maneno matatu. Askari aliinua kichwa, akatabasamu. "Si ya mpira?"

Babu hakucheka. Alitia alama ya kidole gumba mahali alipoonyeshwa, akasimama akiegemea mkongojo, akauliza kama huko inakokwenda watakuwa wakiipaka mafuta.