Picha za Lumbesa

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, mimi nilikuwa Dar. Mama alikuwa nyumbani Masakta, wilaya hiyohiyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp picha zilimwagika kutwa nzima: magari yamelala kwenye matope, magogo mlangoni, shangazi kapigwa picha akiwa kasimama tu, tujue yu hai. Siku zilizofuata hesabu ya waliokufa ilipita 80. Mama alipokea kila picha na kuisambaza, hata zilizotoka kwenye namba asizozijua.

Na mimi nilikuwa nimemkataza.

Septemba ya mwaka uleule lilijulikana tundu kwenye libwebp, programu ndogo inayofungua picha za aina ya WebP. Imo ndani ya Chrome, imo ndani ya Android, na stika za WhatsApp nazo ni WebP. Nikampigia: "Mama, usipokee picha za watu usiowajua." Akajibu, "Sasa mwanangu, nitamjuaje kabla sijaiona?"

Ningemweleza kwa lumbesa angenielewa. Picha inapoingia kwenye simu bado si picha, ni mlolongo wa tarakimu, na programu hutenga nafasi ya kuzipanga. Libwebp ilitenga gunia la kipimo fulani, halafu ikamimina bila kuhakikisha kwamba mzigo unaenea. Mwenye hila akitengeneza picha iliyoshindiliwa kupita kipimo, ziada inamwagikia kumbukumbu ya jirani, na ndani ya hiyo ziada anaweza kuficha amri zake. Lugha ya C, iliyotumika kuiandika, haikagui kipimo, imemwachia fundi. Siku hizi wapo wanaoandika upya programu za namna hii kwa Rust, lugha inayogoma kumimina gunia likishajaa. (Lumbesa yenyewe imepigwa marufuku mara ngapi? Na wanunuzi bado wanakuja nayo.)

Tena si lazima ubonyeze chochote. Desemba 2021 Reuters iliripoti kwamba iPhone za wafanyakazi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wakishughulikia mambo ya Uganda, zilidukuliwa kwa programu ya NSO Group ya Israel. Tundu lilikuwa kwenye usomaji wa picha, na Apple ilikuwa imeliziba Septemba tu. Faili lilijiita gif, kumbe ndani ni PDF. Ujumbe ukifika, basi.

Najua, hakuna jasusi anayemtafuta Mama. Ila simu yake ya zamani ilishaacha kuletewa viraka, na mimi badala ya kumnunulia nyingine nikampa sharti. Sharti lenyewe, angelifuata siku ile, asingejua shangazi yuko wapi.

Krismasi nikapanda na simu mpya. Ya zamani ilikuwa inaandika kila saa kwamba memori imejaa. Nikataka kuifuta yote. "Hizo za Desemba usiguse," akasema, "zihamishe kwanza." Nikaketi barazani na waya, nikazihamisha zote, za ndugu na za namba zisizo na jina.