Fumbo la Hesabu na Ufunguo wa Lugha

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Methali hii tumeizoea mno katika mihadhara ya fasihi simulizi, hata tumesahau kwamba kuna somo jingine shuleni linalotunga mafumbo na kuwapima watoto kwayo kila muhula. Somo hilo ni hisabati. Katika aljebra kuna maswali yasiyokuja kwa tarakimu na alama, bali huja kwa visa vifupi: mkulima na magunia yake, baba na umri wa mwanawe, abiria na safari yake. Hizi ndizo hesabu za mafumbo. Katika makala haya nakusudia kueleza, kwa kurejelea niliyoyashuhudia mjini Eldoret, kwa nini naamini kwamba fumbo la aina hii ni suala la lugha kabla halijawa suala la hesabu, na kwa nini sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu ndani yake.

Mwaka wa 2025, katika muhula wa pili, nilikuwa Eldoret kwa mazoezi ya kufundisha. Nilipanga chumba mtaani Langas, katika ploti ambayo mama mwenye nyumba aliuza mahindi na maharagwe kwa gorogoro katika kibanda kilichokuwa langoni. Binti yake alikuwa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa, mmoja wa kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, yaani wale waliofanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, ambao ulikuwa wa mwisho. Zilikuwa zimesalia siku tatu kabla ya mtihani wa hisabati. Jioni moja mama alinibishia mlango, binti nyuma yake na daftari mkononi.

"Mwalimu, nisaidie na huyu," alisema. "Ameshaniambia hesabu si yake. Anataka kuacha kujaribu, na karo nimelipa."

Nilimjibu, "Mama, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia."

"Kwani hayo maswali yameandikwa kwa nini? Si ni maneno?"

Sikuwa na jibu. Niliwakaribisha, nikawasha taa ya meza, tukaketi.

Swali la kwanza lilihusu wakulima wawili wa mahindi, jambo la kawaida katika kaunti yetu ya Uasin Gishu. Mmoja ana magunia kadhaa. Jirani yake ana magunia ambayo ni mara tatu ya yale ya kwanza kasoro kumi na mawili. Jumla yao ni magunia 148. Je, kila mmoja ana mangapi? Kabla ya kuligusa swali lenyewe, niliandika mlinganyo mtupu kwenye karatasi, 4x − 12 = 148, nikamwomba binti autafutie jawabu. Haikupita dakika moja akanipa 40. Basi aljebra aliijua. Mlinganyo ukija uchi anautambua. Ukivishwa maneno haumfahamu tena.

Nilitazama alivyokuwa amelijibu swali hilo daftarini. Magunia ya jirani alikuwa ameyaandika 12 − 3x. Huo haukuwa uzembe hata kidogo. Swali lilikuwa kwa Kiingereza, na katika sentensi ya Kiingereza ile kumi na mbili hutajwa mwanzo, kisha neno la upungufu, kisha ndiyo mara tatu. Binti alikuwa ameandika namba kwa mfuatano ule ule alioukuta. Alikuwa msomaji mtiifu, na utiifu huo ndio uliomponza.

Nilimwomba anisimulie kisa kile kwa Kiswahili, kama anayemwambia mama yake habari za sokoni. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Jirani ana mara tatu ya magunia ya yule mwingine, kasoro kumi na mawili." Nikamwambia aandike sasa, neno baada ya neno, kwa mfuatano alioutamka. Akaandika 3x, akasita, akaandika − 12. Aliinua kichwa, akaniangalia, akautazama tena mkono wake kana kwamba umeandika wenyewe. Ukijumlisha x na 3x − 12 unapata 4x − 12, na mlinganyo ule aliokwisha kuumaliza ukajitokeza mbele yake. Magunia 40 na magunia 108.

Ndugu msomaji, neno lililofanya kazi hapa ni *kasoro*. Sote tunalijua tangu utotoni kwa sababu ya saa: saa tatu kasorobo, saa tatu kasoro dakika tano. Katika neno hilo kile kinachopunguzwa hutajwa kwanza, na kiasi kinachoondolewa hufuata, sawasawa na alama ya kutoa inavyotaka. Mtoto wa Afrika Mashariki anayesoma saa kwa Kiswahili amekuwa akifanya hesabu ya kutoa kwa mpangilio wa aljebra tangu kabla hajajua kuandika jina lake. Ajabu ni kwamba ujuzi huo tunauacha nje ya lango la shule.

Hali kadhalika, tazama usemi wa *mara*. Mwaka wa 1981, watafiti Clement, Lochhead na Monk walichapisha nchini Marekani makala kuhusu swali moja dogo lililoulizwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza: andika mlinganyo unaoonyesha kwamba katika chuo kikuu hiki kuna wanafunzi mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosea, na wengi wa waliokosea waliupindua mlinganyo, wakaiweka 6 upande wa wanafunzi. Hao walikuwa wazawa wa Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na wahandisi wa kesho. Sasa sema kwa Kiswahili: idadi ya wanafunzi ni mara sita ya idadi ya maprofesa. Andika kwa mfuatano huo huo: W = 6P. Neno *ni* limekaa mahali pa alama ya usawa, na neno *idadi* limetukumbusha kwamba herufi husimama badala ya namba wala si badala ya mtu au gunia.

Jioni ya pili tulikuja kwenye fumbo la fedha. Mtu alitumia theluthi ya fedha zake kununua vitabu, akatumia nusu ya zilizobaki kwa nauli, akasalia na shilingi 400. Alikuwa na shilingi ngapi? Mtego wa swali hili umo katika ile nusu: ni nusu ya fedha zote au nusu ya salio? Binti alisema *zilizobaki*, na kiambishi kikamshika mkono kikampeleka kwenye salio. Kabla hajaanza kuandika, mama, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo karibu na mlango, alisema bila kuinua macho, "Elfu moja na mia mbili."

Tulimwomba aeleze. "Mia nne ni nusu, basi kabla ya nauli zilikuwa mia nane. Mia nane ni mafungu mawili kati ya matatu. Fungu moja mia nne, matatu ni elfu na mia mbili." Mama huyu aliacha shule darasa la saba. Binti aliandika upande wa pili: x ukitoa theluthi yake ni theluthi mbili, nusu yake ni theluthi moja, na theluthi moja ya x ni 400. Njia mbili, jawabu moja. Nilimwona akimtazama mama yake kwa namna ambayo nadhani hakuwahi kumtazama kabla ya hapo.

Nisije nikadhaniwa ninakisifu Kiswahili kama mvuvi anayesifia maji yake. Lugha yetu nayo ina mitego. Fumbo la tatu lilisema kwamba baba ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya umri wake. Nani atakuwa, na umri wa nani? Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. Kiambishi chetu *a-* humbeba baba, mama, mwana na binti bila kubagua. Dawa ni kutaja kila mtu kwa cheo chake: baba atakuwa na umri mara mbili ya umri ambao mtoto atakuwa nao. Ndipo binti akaandika 3x + 12 = 2x, na mama akauliza, "Kwani huyo mtoto amekatazwa kukua?" Tulicheka sote, na mabano yakapata maana: 3x + 12 = 2(x + 12). Mtoto ana miaka 12 na baba 36. Baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48.

Saa pia ina pande mbili. Matatu ikiondoka Eldoret saa mbili asubuhi ikafika Nairobi saa saba mchana, Mswahili hutoa mbili kutoka saba na kupata saa tano papo hapo, ilhali anayehesabu kwa saa za Kizungu hana budi kuvuka kumi na mbili kutoka nane hadi moja. Safari ya takriban kilomita 310 kwa saa tano ni wastani wa kilomita 62 kwa saa. Lakini gari likiondoka saa kumi na moja alfajiri na kufika saa tatu asubuhi, ni Mswahili anayevuka na Mzungu anayekwenda moja kwa moja, kutoka tano hadi tisa. Mwanafunzi anayezimudu hesabu zote mbili ana njia mbili za kuhakiki jawabu lake. Huo ni utajiri, wala si mzigo.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni kigeni kwa hisabati. Madai hayo yanasahau historia. Yapata mwaka wa 820, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoupa ulimwengu neno aljebra. Jina lake la Kiarabu ni *al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wal-muqabala*. Lisome polepole: kitabu, muhtasari, hesabu, na mwishoni *muqabala*, ambalo ni ndugu wa maneno yetu kabili na mkabala. Hata *jabr* ina jamaa yake kwetu katika neno jabari, na Waarabu walilitumia pia kwa kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Fauka ya hayo, al-Khwarizmi hakutumia x wala alama ya usawa. Milinganyo yake yote aliiandika kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu chake ilihusu mirathi, yaani ugawaji wa mali kwa nusu, theluthi, sudusi na thumuni. Hesabu ya mafumbo, kwa hivyo, ni ya kale kuliko aljebra ya alama. Waliotangulia walikuwa na maneno, na alama zikaja baadaye kufupisha maneno.

Wala si jambo la kinadharia tu. Nchini Tanzania, shule za msingi za umma zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu sera ya mwaka wa 1967, na mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, katika shule aliyosoma binti yule, mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili nje ya kipindi chake alivishwa kibao shingoni. Alipokuwa akinisimulia visa vile kwa Kiswahili jioni ya kwanza alinong'ona, ingawa tulikuwa chumbani mwangu na hapakuwa na kiranja.

Sisemi kwamba mtihani ubadilishwe kesho asubuhi. Binti aliufanya kwa Kiingereza, na atafanya vivyo hivyo katika KCSE. Nilichompa ni desturi ya hatua tatu: soma swali katika lugha lilimoandikwa, lisimulie moyoni kwa lugha unayoifikiria, ukitaja kila kitu kwa jina lake, kisha andika alama kwa mfuatano wa simulizi lako. Katika sehemu ya mafumbo alipata alama 11 kati ya 20, ambapo muhula uliotangulia alikuwa amepata 3. Si alama za kupigiwa vigelegele. Lakini alipoleta karatasi hakusema tena kwamba hesabu si yake. Aliniuliza kwa nini swali la sita lilimshinda, na swali kama hilo huulizwa na mtu aliyeamua kubaki.

Wanachama wenzangu, mara nyingi tunaulizwa shahada ya Kiswahili ina faida gani. Tunapojibu, hutaja utangazaji, tafsiri na ualimu. Naongeza jambo moja. Katika kila mtaa tunakopanga vyumba kuna mtoto mwenye daftari la hisabati na sentensi asiyoielewa. Tunao utaalamu wa sintaksia, wa ngeli, wa viambishi rejeshi. Tunajua nani anatenda na nani anatendwa. Tutoke nao. Mtoto huyo hahitaji mtaalamu wa namba kwanza. Anahitaji mtu wa kumsomesha sentensi hiyo moja, polepole, hadi aione hesabu iliyomo ndani yake.